Senegal: Vijana wanataka nini kwa Rais Diomaye Faye?

Machi 14, 2024 alitoka gerezani Dakar. Machi 24 akashinda uchaguzi. Aprili 2 akaapishwa kuwa rais. Siku 19 tu, kutoka selo hadi Ikulu.

Bassirou Diomaye Faye, aliyeapishwa akiwa na miaka 44, ni mkaguzi wa kodi wa zamani na rais mwenye umri mdogo zaidi kuwahi kuchaguliwa Senegal. Alipata asilimia 54 ya kura katika raundi ya kwanza. Ousmane Sonko, kipenzi cha vijana, alikuwa amezuiwa kugombea, hivyo kampeni ikaenda na kaulimbiu ya Kiwolofu: "Diomaye mooy Sonko", yaani Diomaye ndiye Sonko. Aprili 2024 Faye akamteua Sonko kuwa waziri mkuu.

Kijana aliyemchagua rais kwa mara ya kwanza Machi 2024 alikuwa na miaka 18 hadi 23. Macky Sall alipoingia madarakani 2012, kijana huyo alikuwa bado mtoto mdogo. Leo anataka nini hasa?

Kazi, kabla ya yote

Zaidi ya nusu ya Wasenegali wana umri chini ya miaka 25, na ajira ni za kutafuta kwa tochi. Ndiyo maana wengi wanazamia Ulaya kwa mitumbwi. Mwaka 2023 karibu watu 40,000 walifika Visiwa vya Kanari nchini Hispania kwa njia ya bahari, wengi wakitokea pwani ya Senegal. Wengine hawakufika kabisa.

Samaki, mafuta na gesi

Wavuvi wadogo wanalalamika kwamba meli kubwa za kigeni zinamaliza samaki. Mvuvi akikosa samaki, mtumbwi wake unageuka chombo cha kuzamia. Faye aliahidi kupitia upya mikataba ya uvuvi, madini, mafuta na gesi. Mkataba wa uvuvi na Umoja wa Ulaya ulimalizika Novemba 2024.

Vipi kuhusu faranga ya CFA?

Sarafu hii ya tangu enzi za ukoloni imefungwa kwenye euro: euro 1 ni takriban faranga 656. Vijana wengi wanaiona kama mnyororo wa Ufaransa. Lakini hapa rais hawezi kuamka tu na kuifuta. Senegal inaitumia pamoja na nchi nyingine saba za Afrika Magharibi, zenye benki kuu moja. Faye mwenyewe alisema anataka kwanza kujaribu mageuzi pamoja na majirani.

Haki kwa waliouawa

Hili ndilo gumu zaidi. Kati ya 2021 na 2024, makumi ya watu waliuawa katika maandamano, wengi wao vijana. Sheria ya msamaha iliyopitishwa Machi 2024 ndiyo iliyowatoa gerezani Faye na Sonko. Tatizo lilikuwa kwamba sheria hiyohiyo ingeweza kuwakinga pia waliofyatua risasi. Familia za waliouawa zilisubiri kuona rais atafanya nini na sheria iliyomfungulia mlango yeye mwenyewe.

Kwa nini mambo hayakuweza kwenda haraka mwanzoni?

Bunge alilolikuta lilichaguliwa 2022 na halikuwa mikononi mwa Faye. Kwa katiba, rais hakuweza kulivunja kabla halijatimiza miaka miwili, yaani hadi Septemba 2024. Mpaka hapo, kupitisha sheria kubwa ilikuwa kazi kwelikweli.

Muhula wake ni miaka mitano. Vijana hawa waliingia barabarani serikali iliyopita ilipowakatisha tamaa, na Februari 2024, Sall alipotangaza kuahirisha uchaguzi, waliandamana tena. Faye anawajua vizuri, maana ndio waliomweka hapo. Wakikosa walichoahidiwa, njia ya kwenda barabarani wanaijua.