Ramani Mbele ya Tingatinga

Mwaka 2007 wanafunzi wa uzamili wa mipango ya maendeleo kutoka chuo cha UCL, London, waliingia Sulukule, mtaa wa Waroma, jamii ya wachache inayoishi Uturuki na kwingi Ulaya, uliobanana kando ya ukuta wa karne ya 5 mjini Istanbul, Uturuki. Walitaka kuandaa, pamoja na wenyeji, pendekezo la kuuboresha mtaa bila kuwahamisha watu wake. Tatizo ni kwamba uamuzi ulikwisha kupita. Sheria namba 5366 ya mwaka 2005 iliziruhusu manispaa kutwaa maeneo ya kale yaliyochakaa na kuyajenga upya, na mwaka 2006 manispaa ya Fatih, jiji la Istanbul na shirika la nyumba la serikali, TOKİ, walisaini makubaliano ya mradi. Vijana walishika penseli huku bomoabomoa ikinukia.

Usanifu shirikishi maana yake ni mkazi kukaa na mtaalamu tangu tatizo linapotajwa hadi mchoro unapopitishwa. Mmarekani Sherry Arnstein aliupima ushiriki mwaka 1969 kwa ngazi yenye vipago vinane: kwenye vya chini wananchi huhadaiwa au hutulizwa, kwenye vya juu wao ndio wenye uamuzi. Kwa maoni yangu, kazi nyingi za wanafunzi huishia katikati. Wanasikiliza vizuri, wanachora vizuri, kisha ndege inaondoka.

Hata hivyo, kusikiliza kwenyewe kuna utaalamu wake, na Sulukule inauonyesha vyema. Ramani ya ardhi huonyesha kiwanja, namba yake na mwenye hati. Haionyeshi ua. Nyumba nyingi za Sulukule zilikuwa fupi, zimeuzunguka ua uliotumiwa na familia kadhaa. Aliyewahi kupanga chumba katika nyumba ya Kiswahili Manzese au Ilala, Dar es Salaam, hahitaji maelezo marefu: uani ndiko watu hupika, hufua, huangaliana watoto na kukopeshana chumvi. Mwanafunzi akitembea na wenyeji mtaa mzima, wakichora pamoja nani hukaa wapi na hufanya nini saa ngapi, kiwanja kimoja kwenye ramani hugeuka kuwa kaya tatu au nne na kazi zake. Mchoro wa namna hiyo ni hoja, maana unampinga afisa anayesema hapa pana gofu tu.

Na ugofu huo una historia. Kwa miaka mingi familia za Sulukule ziliishi kwa muziki na ngoma, zikipokea wageni katika nyumba za burudani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba hizo zilifungwa, kipato kikakatika, na paa zikaanza kuvuja. Baadaye paa zilezile zikawa sababu ya kubomoa. Anayepiga picha za nyufa bila kuuliza zilianza lini anamsaidia mbomoaji bila kujua.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi anayekwenda kwa Waroma lazima alijue kabla ya kutoa dodoso mkobani. Katika Ujerumani ya Wanazi, kuanzia mwaka 1936, daktari Robert Ritter aliongoza kikosi cha watafiti kilichozunguka kwenye makazi na kambi za Waroma, kikiwapima watu vichwa na kuandika koo zao. Msaidizi wake, Eva Justin, alizungumza Kiromani, lugha ya Waroma, na akaaminiwa na familia. Kikosi kiliandaa tathmini za watu karibu 24,000, na rekodi hizo ziliwarahisishia polisi kuwapeleka watu kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waroma wa Uturuki hawakupitia hayo, lakini kumbukumbu hiyo inatembea Ulaya nzima. Kujua lugha na kukaribishwa chai si ushahidi wa nia njema. Mkazi ana haki ya kuuliza majina yatahifadhiwa wapi, nani atayaona, na kukataa bila kusumbuliwa.

Turudi kwenye uamuzi. Sulukule ilibomolewa kati ya mwaka 2008 na 2009. Wapangaji walipewa nafasi ya kununua fleti kwa mkopo Taşoluk, kilomita 40 hivi kutoka pale. Kwenye makaratasi ilionekana fadhila. Lakini fleti ilidai marejesho kila mwezi, gesi, ada za jengo na nauli ya kufuata vibarua mjini, kwa watu wanaopata fedha ya leo leo. Wengi waliuza haki zao na kurudi kupanga Karagümrük, jirani na mtaa wao wa zamani. Mwaka 2012 mahakama iliufuta mradi kwa kuwa haukuwa na manufaa kwa umma. Majengo mapya yalikuwa yameshasimama.

Linganisha na Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda jijini Nairobi, Kenya. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ililitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalumu, ujenzi mpya ukasimamishwa kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe. Vyuo vikuu viliingia pamoja na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na wakazi wakapangwa kwa vikundi vya kaya kumi kumi vilivyopeleka maoni juu. Migogoro haikukosekana, hasa kati ya wenye nyumba na wapangaji, lakini ramani zilichorwa wakati bado zinaweza kubadilisha kitu.

Muhula wa chuo una wiki chache. Kesi ya ardhi huchukua miaka. Kule Istanbul walikuwepo wataalamu wa kujitegemea waliojiita STOP, ambao waliendelea na mpango mbadala, ingawa mamlaka hazikuukubali. Mhadhiri anayewapeleka wanafunzi kwenye mtaa wenye tishio la kubomolewa aanze kwa kutafuta watu wa aina hiyo, pamoja na chama cha wakazi na wakili, akubaliane nao kuwakabidhi michoro na takwimu zote, kisha ndipo apange tarehe ya safari.