Picha za Treni ya Mizigo Zilivyotusaidia Tunduma

Tuko Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia.

Sisi wa tawi hapa si wapiga picha. Tunafanya kazi ya chama: kuandikisha wanachama, kukusanya ada, kusikiliza mashtaka ya makuli na walinzi wa maghala. Lakini reli inapita katikati ya maisha yetu. Ukienda mashineni kusaga mahindi unaivuka, ukimpeleka mtoto zahanati unaivuka, ukienda Nakonde ng'ambo kumwona ndugu unaivuka tena. Na kila tunapokuta treni ya mizigo imesimama au inapita, mmoja wetu hutoa simu akapiga picha. Tulianza kwa kujifurahisha tu. Baba zetu wengine walijenga reli hii, na mtu hupenda kutazama kazi ya baba yake.

Kwa vijana wasiojua, tueleze kidogo. TAZARA ilijengwa tangu mwaka 1970 hadi 1975, kwa mkopo wa China usiokuwa na riba, ikakabidhiwa kwa nchi zetu mbili mwaka 1976. Inatoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, na katika hizo kilomita 975 ziko upande wa Tanzania. Baadhi ya Wachina waliokufa katika kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto. Upana wake ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia, lakini si sawa na ile Reli ya Kati ya zamani yenye milimita 1,000. Ndiyo maana mzigo ukitaka kutoka reli moja kwenda nyingine huhamishwa pale Kidatu, na kila mahali mzigo unapohamishwa, ndugu, kuna mgongo wa mtu.

Njia ni moja tu, kwa hiyo treni husubiriana zipishane stesheni. Hapo ndipo mtu mwenye shughuli zake hupata nafasi. Shaba inashuka kwenda bandarini, mbolea inapanda kwenda Zambia. Asubuhi jua likiwa chini namba za mabehewa husomeka vizuri. Saa saba mchana ni kazi bure, picha yote huwa nyeupe. Mama mmoja wa kamati yetu ndiye mwenye picha nyingi kupita sote, kwa sababu anauza maandazi na hupita njiani kila siku alfajiri akiwa na beseni kichwani na simu mkononi.

Jambo hili lina hofu yake. Mwaka 1979 makomandoo wa Rhodesia walilipua daraja la reli hii juu ya mto Chambeshi, kule Zambia, kwa kuwa reli ilikuwa inasaidia nchi zilizokataa kupitia kwa makaburu. Watu wa umri wetu tumekua tukiambiwa kwamba anayepiga picha daraja au stesheni ni jasusi. Mwenzetu mmoja aliwahi kuwekwa na mlinzi saa mbili nzima akiulizwa, "Mzee, hii picha unampelekea nani?" Akajibu, "Naipeleka nyumbani." Hakuaminiwa mpaka alipoonyesha simu yote, pamoja na picha za mbuzi wake. Tangu siku hiyo tulikubaliana: ndani ya stesheni hatupigi bila ruhusa, na madaraja tunayaacha.

Sasa tufike kwenye habari yenyewe. Mwaka juzi kibarua mmoja, kijana wa watu mwenye watoto wawili, alikuwa akibeba mbolea kutoka kwenye behewa kuingiza ghalani. Mfuko mmoja ni kilo 50. Ubao wa kupitia ulivunjika, akaanguka kati ya behewa na ukuta, mguu ukavunjika mahali pawili. Mkandarasi aliyemwajiri, ambaye hatumtaji hapa, alisema kijana huyo hakuwa kazini siku ile, ati alipita akiwa amelewa. Jina lake halikuwamo daftarini. Litakuwamo vipi? Vibarua wa siku huitwa kwa kidole getini, na jioni hulipwa mkononi.

Nchini Tanzania kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake. Lakini ili dai lisimame lazima ionekane kwamba mtu aliumia akiwa kazini. Vibarua wenzake walijua ukweli, ila nani angesema? Kesho yake asingeitwa getini.

Ndipo mama wa maandazi akasema, "Mimi nilipita pale asubuhi ile." Tukaangalia simu yake. Behewa linaonekana wazi na namba yake, ubao umepasuka na kufungwa kwa waya, na kijana yumo mlangoni na mfuko begani.

Tulibishana usiku kucha. Wengine walisema tukitoa picha hiyo mama atashtakiwa kwa kupiga picha reli. Yeye mwenyewe alikata maneno: alisimama barabarani panapopita watu wote, na hakupiga daraja wala stesheni. Tuliipeleka kwa jina la tawi, si kwa jina lake.

Mkandarasi alikuja na jibu ambalo hatukulitazamia. Alisema tarehe ya simu huwekwa na mwenye simu, picha inaweza kuwa ya mwezi uliopita. Kweli, hata sisi tulinyamaza. Aliyetuokoa ni karani wa ghala, mwanachama wetu wa zamani. Katika hati za kupokea mzigo, behewa la namba ile liliingia ghalani siku moja tu, siku ile ile ya ajali, na jioni likaondoka tupu. Simu inaweza kudanganya tarehe, lakini namba ya behewa na hati ya mzigo haviwezi kupatana hivi hivi.

Mkandarasi alikubali kwamba kijana alikuwa kazini. Matibabu yalilipwa, na dai la fidia likapelekwa. Lilichukua miezi mingi na kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko tulivyotaka, maana mshahara wa kibarua asiye na karatasi ni vigumu kuupigia hesabu. Kijana anatembea, lakini mizigo habebi tena. Amefungua meza ya vocha karibu na stendi. Ubao ulibadilishwa wiki ile ile. Daftari la vibarua bado tunaligombania, na mazungumzo yanaendelea.

Alhamisi iliyopita treni ndefu ya mbolea ilisimama tukiwa mashineni na debe la mahindi. Ndani ya ghala walikuwa wanapakua kwa ubao mwingine, mwembamba. Simu yetu ilikuwa haina chaji. Tukamtuma mtoto akimbie kwa mama wa maandazi.