Bukavu: Moyo unaopiga mbio bila sababu, waganga wanatafuta wapi?

Kupanda mlima wa Kadutu na moyo kwenda mbio, hiyo ni kawaida. Lakini mtu akiwa amekaa tu, pengine umeme wa moyo umepotea njia.

Waganga wanapitisha waya nyembamba katika mshipa wa paja mpaka moyoni. Inapima umeme mahali kwa mahali, kompyuta inachora ramani ya rangi. Pale umeme unapoanzia, ndipo wanachoma kidogo.

Mwaka 1998, timu ya Michel Haïssaguerre huko Bordeaux, Ufaransa, ilionyesha kwamba aina moja ya ugonjwa huo mara nyingi inaanzia kwenye mishipa inayotoka mapafuni.

Mashine hizo ni za bei kali. Lakini yote yanaanza na karatasi ya elektrokadiogramu. Mgonjwa asingoje moyo utulie: afike hospitali ungali unapiga mbio, na karatasi hiyo aichunge.