Plagi ya plasma: Pima petroli kabla ya kununua

KWA mvuvi wa Butimba, wilayani Nyamagana jijini Mwanza, au mkulima wa bustani anayevuta maji ya Ziwa Victoria kwa pampu, petroli ni gharama isiyokwepeka. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na zinapopanda, faida ya sangara au ya nyanya ndiyo inayopungua.

Ndiyo maana plagi inayodaiwa kutumia plasma na kupunguza matumizi ya mafuta huvutia wengi. Swali kwa mfanyabiashara ni moja: je, itarudisha fedha yake?

Cheche yenye nguvu zaidi

Plasma ni gesi iliyopata nguvu nyingi hadi ikaweza kupitisha umeme. Radi ni mfano wake. Hata cheche ya plagi ya kawaida ni plasma, ila ni ndogo na hudumu muda mfupi sana.

Kwa miongo kadhaa watafiti wa injini wamekuwa wakitafuta namna ya kuikuza cheche hiyo. Wapo wanaorusha ulimi wa plasma ndani ya silinda, na wapo wanaotumia mapigo mafupi mno ya umeme.

Lengo lao ni kuwasha mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo, ambao cheche ya kawaida hushindwa kuuwasha vizuri. Hapo ndipo mafuta huokolewa.

Hata hivyo, mfumo huo huhitaji kifaa maalumu cha umeme na marekebisho ya mafuta yanayoingia. Katika injini ndogo nyingi, umeme wa cheche hutoka kwenye sumaku ya gurudumu la injini, na kabureta ndiyo hupanga kiasi cha petroli. Kubadili plagi peke yake hakubadili kiasi hicho.

Injini za boti za kabureta zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili zina tatizo jingine. Mchanganyiko mpya huingia wakati tundu la moshi bado liko wazi, hivyo sehemu yake hutoka kabla cheche haijapiga. Hakuna plagi inayoweza kuiokoa.

Nchini Marekani, shirika la serikali la mazingira, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta ya magari. Ni vichache tu vilivyoonyesha nafuu, nayo ilikuwa ndogo.

Jinsi ya kupima

Kosa la kawaida ni kulinganisha plagi mpya ya bei kubwa na plagi kuukuu iliyochakaa. Nafuu inayoonekana huenda imetokana na upya wake tu.

Kipimo cha haki ni kufunga kwanza plagi mpya ya kawaida, kutia lita 1 kamili ya petroli, na kuhesabu dakika ambazo pampu inafanya kazi kwa mpira uleule na mwendo uleule. Rudia mara 3, kisha fanya hivyo kwa plagi ya plasma.

Chukulia pampu inatumia lita 1 kwa saa, saa 4 kwa siku, kwa siku 100. Hizo ni lita 400. Nafuu ya asilimia 5 ni lita 20. Kwa sh 3,000 kwa lita, ni sh 60,000. Kama vipimo havionyeshi tofauti, nafuu ni sifuri.

Anza na ya gharama ndogo

Kwa injini ya Honda GX160, kitabu cha maelekezo kinataka nafasi ya plagi iwe milimita 0.7 hadi 0.8, ikaguliwe kila saa 100 na plagi ibadilishwe kila saa 300.

Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Ikiwa nyeusi yenye masizi, kagua chujio la hewa na kabureta. Ikiwa imelowa oili kwenye injini ya boti, kagua kipimo cha kuchanganyia.

Mwenye injini atakayekamilisha hayo kwanza ndiye atakayejua kama plagi ya bei kubwa ina cha kumwongezea.