Makerere: Elimu Iliyofundishwa Mabwenini

Watu wengi husema kwamba kijana huenda Chuo Kikuu kutafuta digrii. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Mtihani huandikwa kwa saa chache, bali mwanafunzi hukaa chuoni miaka mitatu au minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haipiti mbele ya mwalimu. Hupita bwenini, mezani pa chakula, uwanjani, kanisani au msikitini, na katika mikutano. Mzazi anayeuza ng'ombe au magunia ya mahindi ili amlipie mwanawe yafaa ajue kwamba analipia mambo mawili: elimu ya vitabu, na elimu ya kukaa na watu wasio wa nyumbani kwake. Katika makala haya twaeleza habari za elimu hiyo ya pili, na mfano wetu ni Makerere, chuo kilichowalea vijana wa Afrika ya Mashariki kabla nchi zetu hazijawa na vyuo vikuu vyao wenyewe.

MWANZO MDOGO

Chuo kilianza mwaka 1922 juu ya kilima cha Makerere, Kampala, kikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14 tu, nao walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Walikuwa wanafunzi wa kutwa. Jioni kila mmoja alirudi kwake. Baadaye yaliongezwa masomo ya uganga, kilimo, mifugo na ualimu, na vijana wakaanza kuja kutoka Kenya, Tanganyika na Unguja. Mwaka 1949 Makerere ilifanywa Chuo Kikuu kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 iliungana na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 kila nchi ikachukua chake.

Safari yenyewe ilikuwa somo. Katika miaka ya kwanza, kijana wa Kenya alipanda gari la moshi hadi Kisumu, kisha akavuka ziwa kwa meli hadi Port Bell. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, aliweza kupita kwa gari la moshi kutoka Nakuru hadi Eldoret, Tororo na Jinja, akashuka Kampala. Mtu wa Nyeri, mtu wa Maseno na mtu wa Pwani waliweza kujikuta katika behewa moja, kila mmoja na sanduku lake, na pengine hawajapata kuzungumza na mtu wa kabila la mwenzake isipokuwa sokoni. Walipofika walikuta chakula cha wenyeji ni ndizi, na lugha ya mjini ni Kiganda. Aliyezoea ugali tangu utoto ilimpasa ajifunze kula matoke bila kununa.

ARDHI ILIYOMGHARIMU MTU MAISHA

Chuo kikikua huhitaji ardhi, na ardhi ni jambo ambalo kila mkulima analielewa. Mwezi wa Septemba 1945, Lukiko ya Buganda ilipitisha sheria ya kuwezesha ardhi kuchukuliwa kwa manufaa ya watu wote, na shabaha mojawapo ilikuwa kupanua Makerere. Watu wengi wa Buganda waliogopa. Walisema kwamba mlango huo ukifunguliwa kwa ajili ya chuo leo, kesho utatumiwa na wageni kwa ajili ya mashamba. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwa maana waliona yaliyotokea katika nchi nyingine. Katikiro Martin Luther Nsibirwa aliiunga mkono sheria ile. Tarehe 5 Septemba, alipokwenda kusali katika kanisa kuu la Namirembe, alipigwa risasi akafa.

Bweni mojawapo la Makerere, ambalo zamani liliitwa Northcote, baadaye lilipewa jina la Nsibirwa. Vijana wengi wamelala humo wakisoma kwa taa hata usiku wa manane. Ni vizuri wajue kwamba mahali walipolala palikuwa na bei, na bei hiyo haikulipwa kwa fedha peke yake.

WASICHANA WAINGIA

Mwaka huo huo wa 1945 waliingia wanafunzi wanawake wa kwanza, nao walikuwa sita. Kabla ya hapo wito wa chuo ulikuwa na maana ya kwamba "Na tuwe wanaume". Wito huo haukuwafaa tena, ukabadilishwa kuwa "Twajenga kwa ajili ya wakati ujao", na ndio unaotumika hata leo.

Lakini kubadili maneno ni kazi nyepesi kuliko kubadili mioyo. Miongoni mwa wasichana wa miaka ile ya mwanzo alikuwako Bibi Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Bibi Sarah Ntiro. Alitaka kusoma hesabu. Husimuliwa kwamba mwalimu alikataa kufundisha darasa lenye msichana ndani yake, ikambidi achague masomo mengine. Hakukata tamaa. Mwaka 1954 alipata digrii katika Chuo Kikuu cha Oxford, akahesabiwa kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufika daraja hiyo.

Wanaume nao walikuwa wakijifunza. Bwana Julius Nyerere, aliyesoma Makerere kutoka mwaka 1943 hata 1945, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake akiwa bado mwanafunzi. Bweni la wasichana liliitwa Mary Stuart, kwa jina la mke wa Askofu Stuart wa Uganda, mama aliyeshikilia sana kwamba binti naye asomeshwe.

MAISHA YA BWENI

Kila bweni lilikuwa na mlezi wake, viongozi wake waliochaguliwa na wanafunzi, na fahari yake. Watu wa Northcote waliwacheka watu wa Mitchell, watu wa Mitchell wakawacheka wa Livingstone, na ugomvi huo wa kirafiki ulimalizika katika uwanja wa mpira. Kwa karamu na siku za heshima wanafunzi walivaa majoho mekundu. Wako waliolicheka joho hilo, wakisema ni desturi ya kizungu isiyofaa katika jua la Kampala. Lakini joho lilikuwa na faida moja: lilifunika shati la tajiri na shati la maskini sawasawa. Mwana wa chifu na mwana wa mpishi, wakiisha kuvaa, hukuweza kuwatambua ila kwa maneno yao.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba fahari ya bweni ilipita katikati ya makabila. Mshabiki wa timu ya bweni lake hakuuliza kama mfungaji ni Mluo, Mganda, Mchaga au Mkikuyu; aliuliza kama bao limeingia. Mtu aliyefanya hivyo kwa miaka mitatu hakurudi nyumbani na macho yale yale aliyokwenda nayo.

Hata fasihi ilitoka mabwenini. Kulikuwa na mashindano ya uandishi na michezo ya kuigiza baina ya bweni na bweni. Bwana Ngugi wa Thiong'o, aliyeingia mwaka 1959 na kukaa Northcote, aliandika michezo mifupi kwa ajili ya mashindano hayo. Mwezi wa Novemba 1962 mchezo wake mrefu, The Black Hermit, ulionyeshwa na wanafunzi katika jumba la michezo la taifa mjini Kampala, wakati Uganda ilipokuwa imepata uhuru wake mwezi mmoja tu kabla.

MGOMO WA CHAKULA

Tusidhani kwamba mambo yote yalikuwa asali. Penye wengi pana mengi. Mwaka 1952 wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula kibaya. Baba aliyebaki shambani angeweza kushangaa: mtoto anapewa kitanda, taa ya umeme na milo mitatu, naye agoma kwa sababu ya mchuzi? Lakini jambo halikuwa mchuzi peke yake. Vijana walitaka wasikilizwe kama watu wazima, na wakuu walitaka watiiwe kwanza. Kiongozi wa mgomo, Bwana Abu Mayanja, alifukuzwa chuoni. Mwaka ule ule alikuwa amekwisha kuwa katibu mkuu wa chama kipya cha siasa, Uganda National Congress. Baada ya kufukuzwa alipelekwa kusoma Cambridge, na baadaye akawa waziri katika nchi yake.

Somo hapa si kwamba mgomo ni njia ya kupata uwaziri. Wengi waliofukuzwa vyuoni hawakuinuka tena, na ada ya wazazi wao ilipotea. Somo ni kwamba bweni ni baraza dogo. Ndani yake kijana hujifunza kuchagua kiongozi, kupinga hoja na kukubali kushindwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba Nyerere, Milton Obote, Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa, ambao kila mmoja alikuja kuwa Rais wa nchi yake, walipita katika kilima hicho. Bwana Kibaki, akiwa mwanafunzi, alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Kenya huko. Kabla ya kuongoza taifa aliongoza mkutano wa vijana wenzake.

MLEZI ASIYEWASAHAU WANAFUNZI WAKE

Ukweli wa jamii hujulikana siku ya taabu. Wakati wa utawala wa Idi Amin, Makerere ilipata taabu kubwa. Mwaka 1972 Mkuu wa Chuo, Bwana Frank Kalimuzo, alichukuliwa na asionekane tena. Mapema mwaka 1976 msichana mmoja wa Kenya, mkaaji wa bweni la Africa Hall, alipotea katika uwanja wa ndege wa Entebbe alipokuwa akirudi nyumbani. Iliundwa tume ya kuchunguza habari zake, na mlezi wa bweni hilo, Bibi Theresa Nanziri Bukenya, aliitwa atoe ushahidi. Mwezi wa Juni mwaka huo, akiwa mja mzito, aliuawa.

Mama huyo hakuwa wa kabila la msichana yule wala wa nchi yake. Alikuwa mlezi wa bweni tu, mwenye daftari la majina ya waliolala na funguo za milango. Lakini msichana alikuwa amewekwa mikononi mwake na wazazi walioko mbali, naye aliuawa kwa sababu alijua habari za msichana huyo. Mzazi wa Kenya akisikia habari hii, hana haja ya kuelezwa maana ya neno jamii.

HALI YA SIKU ZILIZOFUATA

Mwezi wa Desemba 1990 wanafunzi wa Makerere waligoma tena, safari hii kwa kupinga kuondolewa kwa posho walizokuwa wakipewa, na wawili waliuawa kwa risasi za polisi. Ukilinganisha na mwaka 1952 utaona jinsi ugomvi ulivyozidi kuwa mchungu watu walipoacha kusemezana mapema. Katika miaka iliyofuata, chuo kilipokea wanafunzi wengi waliojilipia wenyewe. Jambo hilo lilifungua mlango kwa watoto wengi ambao zamani wangaliachwa nje, nalo ni jema. Lakini vitanda havikuongezeka kama watu walivyoongezeka. Wengi walipanga vyumba chini ya kilima, Wandegeya na Kikoni.

Hali hiyo twaiona Kenya pia. Vyuo vikuu vyetu ni vingi sasa, na wanafunzi wengi hukaa katika vyumba vya kupanga nje ya lango. Kijana hupika peke yake, husoma peke yake, na akitafuta mwenzi wa kugawana kodi humtafuta mtu wa kwao, wa lugha yake. Digrii ataipata, lakini ile elimu ya pili itampita kama basi lililojaa.

YATUPASAYO

Kwanza, mzazi asitosheke na kuuliza alama za mtihani. Na amwulize mwanawe: Je, rafiki zako ni akina nani? Nani atajua ukiugua usiku? Kama majina yote anayotaja ni ya kijijini kwenu, basi hajafika Chuo Kikuu bado, ijapokuwa ada imelipwa.

Pili, mwanafunzi anayekaa nje ya chuo na ajiunge na jambo moja la watu wengi: timu, kwaya, chama cha mijadala, kanisa au msikiti wa chuo. Joho jekundu halivaliwi kila mahali, lakini kazi lililoifanya yaweza kufanywa na mpira au kitabu cha nyimbo.

Tatu, wakuu wa vyuo wakumbuke kwamba mlezi wa wanafunzi si karani wa vitanda. Wanaojenga vyumba vya madarasa na kusahau mahali pa wanafunzi kukutana wamejenga nusu ya chuo.

Mwezi wa Septemba 2020 moto uliunguza jengo kuu la Makerere, lile lililojengwa mwaka 1941. Watu wengi waliosoma huko walilia kama waliofiwa. Fedha zilitafutwa, mafundi wakaitwa, na mwaka 2024 jengo lilifunguliwa upya. Jengo likiungua laweza kujengwa tena kwa mawe na saruji. Udugu wa mabwenini haujengwi kwa saruji. Kila kundi la wanafunzi wanaoingia lazima liuanze upya, kwa kugawana chakula na kuwekeana daftari, na sisi tunaolipa ada tunayo haki ya kuuliza kama kazi hiyo inafanywa.