PUMZI KWANZA, KASI BAADAYE

Tarehe 2 Februari 1974, kijana wa Karatu, Filbert Bayi, alikimbia mita 1500 mjini Christchurch, New Zealand. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2. Duniani hakuna aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo kwa kasi ile. Bayi hakungoja mwisho. Aliongoza tangu mwanzo, na wenzake walimfukuza mpaka utepe bila kumpata.

Ndugu msomaji, vijana wengi wa Handeni na Korogwe hupenda mbio. Lakini wengi hukosea jambo moja. Kila jioni hukimbia kwa nguvu zao zote. Baada ya wiki mbili miguu inauma, nao wanaacha.

Mbio za mita 800 na 1500 zinataka pumzi na kasi. Pumzi hutangulia. Kimbia polepole dakika 30 au 40, siku tatu au nne kwa wiki. Kimbieni wawili mkiongea. Mkishindwa kuongea, mnakwenda mbio mno. Moyo ni msuli, kama msuli wa mkono wa mkulima. Ukizoeshwa kazi taratibu hupata nguvu, na kila pigo lake husukuma damu nyingi zaidi.

Baada ya wiki sita hivi, ongeza kasi. Pima hatua kubwa 400 katika njia iliyo sawa. Kimbia hapo haraka, lakini usimalize nguvu zote. Kisha tembea mpaka pumzi irudi, kama dakika 3. Rudia mara 4, na baadaye mara 6. Fanya hivyo siku mbili kwa wiki, zisizofuatana. Wenye kilima karibu wana bahati. Wapande mbio, washuke wakitembea.

Kimbia alfajiri, kabla jua halijawa kali. Kunywa maji yaliyochemshwa. Mwenzako akiona kizunguzungu au akisema maneno yasiyoeleweka, mweke kivulini, mmwagie maji, mpepee, kisha mpelekeni zahanati upesi.

Lakini yupo kijana anayefuata haya yote na bado anahema kwenye kilima kidogo. Huyo asiongezewe mazoezi. Huenda damu yake haitoshi. Malaria hupunguza damu. Safura pia. Minyoo yake huingia kupitia ngozi ya nyayo, mtu anapokanyaga peku udongo wenye kinyesi. Kisha hukaa tumboni na kunyonya damu. Nao wakimbiaji wetu wengi hukimbia peku! Mtazame ndani ya kope na viganjani. Kukiwa kweupe, aende akapimwe damu na choo.

Bayi naye aliugua malaria mwaka 1976. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha Moscow, katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Mwenye homa asikimbie kabisa. Amalize dawa, aanze kwa kutembea, halafu akimbie polepole wiki nzima kabla ya kurudia zile hatua 400.