Taa za mkanda kwa karakana ya nyumbani: Zipime kabla ya kuvuka mpaka

Wafanyabiashara wengi wa mipakani wana kazi ya pili inayoanza jua likizama. Banda la gari nyumbani hugeuka karakana: huyu anashona mikoba ya kupeleka sokoni, yule anatengeneza redio, mwingine anafunga mizigo ya alfajiri. Mara nyingi banda zima hutegemea balbu moja katikati ya paa. Ukiinamia meza, kivuli chako mwenyewe kinafunika kazi.

Taa za LED za mkanda, zinazouzwa kwa roli la mita 5, ni njia nafuu ya kuondoa kivuli hicho. Lakini anayenunua upande mmoja wa mpaka na kufunga upande wa pili ana hasara ya ziada mambo yakiharibika: kurudisha roli bovu ni nauli na siku nzima ya biashara. Kwa hiyo hesabu ifanyike dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Anza na transfoma

Mikanda mingi hutumia volti 12, na transfoma, au adapta, ndiyo inayoshusha umeme wa ukutani. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Roli lenye wati 14.4 kwa mita linakula wati 72. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 6. Ukiuziwa adapta ya ampea 2, taa zitafifia, adapta itapata moto, na inaweza kuunguza zaidi ya taa. Ongeza asilimia 20 juu ya hesabu yako, kisha nunua saizi inayofuata.

Chukua banda la mita 3 kwa 6. Pitisha mistari miwili ya mita 5 darini, ya wati 4.8 kwa mita: wati 48. Juu ya meza weka mita 2 za wati 14.4: karibu wati 29. Jumla ni wati 77, yaani ampea 6.4. Ukiongeza asilimia 20 unakaribia 8. Transfoma ya ampea 10 itafanya kazi bila kuchemka. Kwa saa 4 kila usiku, mwezi mzima ni takriban yuniti 9 za umeme, na kidogo kinachopotea kwenye transfoma.

Kufunga

Mkanda wa meza ukae mbele yako, si nyuma ya kichwa. Ukate penye alama tu, kwa kawaida kila baada ya taa 3. Usiunge roli la pili mkiani mwa la kwanza, maana mwisho wake utafifia. Kila mstari upate waya wake kutoka kwenye transfoma. Ubandike juu ya reli ya alumini ili joto litoke. Chagua mwanga mweupe, na mikanda ya rangi rangi yenye rimoti uiachie sebule. Waya za umeme wa ukutani, pamoja na waya wa ardhi wa transfoma ya bati, mwachie fundi umeme.

Pasipo na umeme, betri ya volti 12 inatosha. Betri ya asidi ya ampea-saa 50, ukitumia nusu tu ili isife mapema, itawasha mstari mmoja wa wati 24 kwa saa 12 hivi. Weka fyuzi karibu na betri.

Kabla ya kuvuka

Soma kibandiko cha adapta. Kikisema volti 100 hadi 240, itafanya kazi Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Kinachobadilika ni plagi: miguu mitatu ya bapa Kenya, Uganda na Tanzania, miguu ya duara Rwanda, Burundi na Kongo. Anayenunua za kuuza aagize plagi ya huko anakouza.

Jambo la forodha nalo lisisahauliwe. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mkanda uliotengenezwa China hauingii humo, hata kama umeununua Nairobi au Kampala. Utamke, na risiti iwe mkononi.

Mwisho, mwambie muuzaji akunjue roli lote na aliwashe kwa adapta ileile utakayobeba, kwa dakika 10. Linganisha mwanga wa mwanzo na wa mwisho, kisha gusa adapta. Ikiwa huwezi kuishika kwa joto, iache dukani. Dakika hizo 10 ni nafuu kuliko safari ya pili.